Picha Ikiharibika Baada ya Kukuzwa: Soma Dalili, Ujue Chanzo

Chukua picha ya pikseli 1,000 kwa 1,000, ikuze mara mbili kila upande. Ulikuwa na pikseli milioni moja, sasa unazo milioni nne. Hizo milioni tatu za ziada hazikutoka kwenye kamera. Programu imezitunga kwa kuangalia pikseli zilizo jirani, na kila programu ina namna yake ya kutunga. Ukikuza mara nne kila upande, katika kila pikseli 16 unazoziona, moja tu ndiyo yenye ushahidi. Kumi na tano ni makisio.

Ndiyo maana anayeuliza ni programu gani inakuza picha bila kupoteza ubora huwa ameanzia katikati ya swali. Kasoro nyingi zinazojitokeza baada ya kukuza zilikuwamo tangu mwanzo, ila zilikuwa ndogo mno kuonekana. Kukuza kumezianika. Ukungu una chanzo chake, viboksi vina chake, na mara nyingi dawa ya kasoro moja huizidisha nyingine: ukinoa picha yenye viboksi, unavinoa viboksi vyenyewe. Kwa hiyo usianze kusogeza vitelezi kabla hujajua unatibu nini.

## Kabla ya yote: hilo ndilo faili la asili?

Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida imepunguzwa na kubanwa upya njiani. Skrinishoti ina pikseli za kioo cha simu, si za picha iliyokuwa inaonyeshwa. Ile uliyoihifadhi moja kwa moja kutoka kwenye matokeo ya utafutaji mara nyingi ni kijipicha tu, na kubwa yake iko kwenye ukurasa ilikotoka. Na picha iliyopigwa kwa kuvuta vidole kwenye kioo, ikiwa umevuta kupita uwezo wa lenzi, simu imeshaikata na kuikuza yenyewe kabla hujaigusa. Katika hali zote hizi, kumwomba mwenye picha akutumie faili la asili kwa barua pepe, au kama dokumenti badala ya picha, kutakusaidia kuliko programu yoyote.

Kama hujui historia ya faili, kuna kipimo rahisi ambacho watu wachache hukitumia. Tengeneza nakala ya picha, ipunguze hadi asilimia 50, kisha ikuze asilimia 200 irudi ukubwa wake wa mwanzo. Iweke kama tabaka (layer) juu ya picha ya awali, tazama kwa asilimia 100, na uwe unaliwasha na kulizima tabaka la juu. Ukiona nywele, maandishi madogo au nyuzi za nguo zikipotea na kurudi, picha ina taarifa za kweli katika pikseli zake zote. Usipoona tofauti, basi picha hiyo ya megapikseli 12 ina maudhui ya megapikseli tatu. Tisa zilizobaki ni mapambo.

Hapo la kufanya linashangaza kidogo: endelea na ile iliyopunguzwa. Programu za kukuza, hasa zinazotumia akili mnemba, hufanya kazi vizuri zaidi zikipewa picha ndogo iliyo kali kuliko kubwa iliyolegea, kwa sababu zinaamua kitu ni nini kwa kusoma kingo za pikseli chache. Kingo ikiwa imesambaa pikseli sita, programu huiona kuwa ni mteremko laini, na inauhifadhi ulaini huo kwa uaminifu mkubwa.

## Dalili: picha nzima imelegea, kingo hazina ukali

Hakikisha kwanza unatazama kwa asilimia 100. Ukitazama kwa asilimia 400, unachokiona ni ukuzaji wa pili unaofanywa na programu ya kutazamia, juu ya ule ulioufanya wewe.

Ikiwa bado imelegea, tazama kanuni ya kukadiria pikseli uliyoichagua. Bilinia hukadiria kila pikseli mpya kutokana na jirani nne na hutoa picha laini kupita kiasi. Bikubiki huangalia jirani 16, nayo inafaa kwa picha nyingi za kawaida. Lanczos, iliyopewa jina la mwanahisabati Cornelius Lanczos, katika umbo lake linalotumika sana huangalia jirani 36 na hutoa kingo kali zaidi, kwa gharama tutakayoiona chini. Tofauti kati ya bilinia na bikubiki inaonekana wazi. Tofauti kati ya bikubiki na Lanczos mara nyingi ni ya kutafuta kwa makini.

Kuna ushauri wa zamani wa kukuza kidogo kidogo, asilimia 10 kila mara, hadi ufike unakotaka. Mimi siutumii. Kila hatua hukadiria juu ya makadirio ya hatua iliyotangulia, na programu za leo hufanya vizuri kwa hatua moja.

Chanzo cha tatu hakihusiani na kukuza: picha ilipigwa nje ya fokasi, au mkono ulitikisika. Utambuzi wake ni huu. Katika picha iliyokosa fokasi, nukta ya mwanga, tuseme taa ya mbali, huwa duara. Mkono ukitikisika, nukta hiyo huwa mstari, na mistari yote huelekea upande mmoja. Vichujio vya kuondoa mtikisiko hukokotoa kinyume cha mwendo huo na vinaweza kusaidia mtikisiko ukiwa mdogo, lakini vitumie kabla ya kukuza.

## Dalili: ngazi-ngazi kwenye mistari ya mshazari

Hapa programu imenakili pikseli iliyo karibu zaidi bila kukadiria chochote, kila pikseli ikawa mraba mkubwa. Badilisha kanuni uweke bikubiki, kisha ukuze upya kutoka kwenye faili la awali.

Umeshachagua bikubiki na ngazi bado zipo? Tazama hali ya rangi. Faili la GIF, na baadhi ya PNG, hutumia orodha isiyozidi rangi 256. Programu haiwezi kutengeneza rangi ya katikati isiyomo kwenye orodha hiyo, kwa hiyo inarudi kimyakimya kwenye kunakili jirani. Badilisha picha iwe ya RGB, yaani hali ya rangi isiyofungwa na orodha, ndipo ukuze. Hiki ni chanzo kinachowasumbua watu muda mrefu, kwa kuwa dirisha la kukuza halikuambii kwamba chaguo lako limepuuzwa.

Michezo ya zamani ya kompyuta na michoro ya pikseli ni habari nyingine. Huko ngazi ndizo mchoro wenyewe, na bikubiki ndiyo inayoharibu. Nakili jirani, na ukuze kwa namba kamili: mara 2, 3 au 4. Ukikuza mara 2.5, baadhi ya pikseli zitapata upana wa mbili na nyingine tatu, na mchoro utaonekana kama umepinda.

## Dalili: viboksi, na kungu za rangi kandokando ya vitu

Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote, na inastahili kueleweka vizuri.

JPEG, iliyoidhinishwa kuwa kiwango mwaka 1992, huigawa picha katika miraba ya pikseli 8 kwa 8. Ndani ya kila mraba, mabadiliko madogo ya mwangaza ambayo jicho halihangaiki nayo sana hupunguzwa au kutupwa. Kila mraba hushughulikiwa peke yake, bila kujali jirani. Ubanaji ukiwa mkali, mraba mmoja huamua anga ni samawati ya namna hii, wa pili huamua samawati iliyozidi kidogo, na mpaka kati yao huonekana. Katika ukubwa wa kawaida mpaka huo hauonekani. Ukikuza mara nne, mraba wa pikseli 8 unakuwa wa 32, na sasa hakuna asiyeuona.

Kuna la pili. JPEG nyingi huhifadhi rangi kwa nusu ya upana na nusu ya kimo cha mwangaza, kwa sababu jicho la binadamu ni hodari wa mwangaza kuliko wa rangi. Maana yake, katika picha yako ya pikseli 1,000 kwa 1,000, rangi zenyewe zilikuwa 500 kwa 500. Ndipo ukikuza unaona wekundu wa shati umevuja nje ya shati, au maandishi mekundu juu ya samawati yamezungukwa na uchafu.

Tiba ina mpangilio usiovunjwa: safisha kwanza, kuza baadaye, noa mwisho. Programu nyingi zina kichujio cha kuondoa athari za JPEG. Kitumie kwenye picha ndogo, ambako miraba bado ina pikseli 8 kamili na kichujio kinajua mipaka iko wapi. Ukiisha kukuza, mipaka imehama na kichujio hakiitambui tena. Kwa sababu hiyo hiyo, usikate kingo za picha wala kuizungusha kabla ya kuisafisha.

Kwa uvujaji wa rangi, badilisha picha iwe katika Lab, ambako mwangaza una mkondo wake na rangi mikondo miwili, kisha laini mikondo ya rangi peke yake kwa kichujio kinachoheshimu kingo. Mwangaza usiuguse. Utashangaa jinsi ulaini mwingi unavyoweza kuwekwa kwenye rangi bila picha kuonekana imelegea.

Baada ya hapo usihifadhi tena kama JPEG mpaka kazi iishe. Kila ukihifadhi, ubanaji unafanyika upya juu ya uliopita. Hifadhi kazi kama TIFF au PNG, na utoe JPEG moja mwishoni.

## Dalili: mstari mweupe au mweusi unaofuata kila ukingo

Jengo dhidi ya anga, na kando ya paa kuna mstari mwembamba unaong'aa ambao haukuwako. Vyanzo ni viwili na hutenganishwa kwa kutazama picha ya awali.

Kama mstari haumo kwenye ya awali, umetokana na kanuni ya kukuza. Lanczos, na bikubiki kwa kiasi kidogo, hupata ukali wake kwa kuvuka mpaka kidogo kila upande wa ukingo: upande mweupe unazidishwa weupe, mweusi unazidishwa weusi. Kwenye picha ya mandhari hilo hupita bila kugunduliwa. Kwenye maandishi meusi juu ya karatasi nyeupe, au michoro ya mistari, linaonekana mara moja. Tumia bikubiki laini kwa kazi kama hizo.

Kama mstari upo tayari kwenye ya awali, simu iliinoa picha wakati wa kuipiga, na sasa mstari wa pikseli moja umekuwa wa nne. Hapa ni vigumu zaidi. Ikiwa simu yako inaruhusu kupiga RAW, yaani data ya kamera kabla haijanolewa wala kubanwa, piga hivyo picha unazojua utazikuza. Kwa iliyokwisha kupigwa, nakili tabaka, punguza mng'ao kwa brashi kando ya ukingo, na uwe mvumilivu.

Mstari ukijitokeza baada ya wewe mwenyewe kunoa, umeweka nusu kipenyo kikubwa. Anza na pikseli 1 hadi 2, na uamue ukiwa asilimia 100.

## Dalili: chengachenga zimegeuka mabaka

Chengachenga za picha iliyopigwa gizani ni nasibu, kila pikseli na yake. Bikubiki huziunganisha zikawa mabaka laini ya pikseli tatu au nne, ambayo jicho halizisamehe kama linavyosamehe punje ndogo. Akili mnemba hufanya vibaya zaidi: huchukulia chenga kuwa ni umbile, na ukuta mtupu unaota magamba.

Ondoa chengachenga kabla ya kukuza, lakini usizimalize. Picha isiyo na chenga hata moja hukuzwa ikawa kama imechorwa kwa rangi ya mafuta. Cha ajabu ni kwamba kurudisha chenga kidogo baada ya kukuza, laini na za saizi ya pikseli moja ya picha mpya, huifanya ionekane kali zaidi hata kama hakuna taarifa iliyoongezwa. Ni hila, nakubali. Ni hila nzuri.

## Dalili: sura si ya mtu yule, ngozi kama plastiki, maandishi ya lugha isiyokuwepo

Umetumia akili mnemba. Programu hizi, kuanzia SRCNN ya mwaka 2014 hadi ESRGAN ya 2018 na Real-ESRGAN ya 2021, ambayo ndiyo injini ya programu ya bure ya Upscayl, zimefunzwa kwa jozi nyingi za picha ndogo na kubwa. Hazikadirii kutokana na jirani peke yake. Zinakumbuka vitu vya namna hii kwa kawaida huonekanaje, na zinajaza.

Tatizo ni la kihesabu, wala haliondoki kwa kununua toleo jipya. Picha kubwa nyingi sana, tofauti kabisa, zikipunguzwa hutoa picha ndogo ile ile moja. Ukirudi nyuma kutoka kwenye ile ndogo, programu lazima ichague mojawapo, na huchagua inayofanana na ilizofunzwa. Mwaka 2020 jambo hili lilionekana waziwazi na programu ya PULSE, ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, iliyotoa nyuso kamili kutokana na picha za pikseli 16 kwa 16. Ilipewa picha iliyofifishwa ya Barack Obama ikatoa uso wa mzungu. Uso ule ukipunguzwa ulilingana na picha iliyotolewa. Kwa kipimo cha programu, kazi ilikuwa imefanywa sawasawa.

Kutokana na hilo mimi nina masharti mawili. Picha iliyokuzwa kwa akili mnemba isitumike kumtambua mtu, kusoma namba ya gari wala kuthibitisha chochote. Na picha ya ndugu aliyefariki, hasa ile pekee iliyobaki, isikabidhiwe programu ikarudishwa kwa familia bila kuilinganisha na ya awali kipengele kwa kipengele: macho, meno, kovu, mstari wa nywele. Programu hupenda kufuta makovu.

Ukiendelea, haya husaidia. Zima kipengele cha kurekebisha nyuso; ndicho kinacholeta ngozi ya plastiki, na kwenye baadhi ya programu huja kimewashwa. Chagua modeli inayolingana na picha, kwa kuwa modeli ya michoro ya katuni ikipewa picha ya kamera hufuta vinyweleo vyote na kuacha mistari. Kuza mara mbili badala ya nne. Kisha changanya: weka tokeo la akili mnemba juu ya tokeo la bikubiki la ukubwa huohuo, na lishushe ukolezi hadi asilimia 50 au 60. Sehemu zenye nyuso na maandishi, futa tabaka la juu kabisa ubaki na bikubiki. Uso uliolegea kidogo bado ni wa mwenyewe.

Maandishi yakiwa yamevurugika, usihangaike kuyarudisha. Yafute na uyaandike upya kwa fonti inayofanana, mradi unajua yalisema nini.

## Dalili: vigae vinaonekana, picha inatoka nyeusi, programu inazima

Haya ni matatizo ya mashine. Kadi ya michoro haina kumbukumbu ya kuishika picha nzima, kwa hiyo programu huikata vigae, hukuza kimoja kimoja na kuviunganisha. Ukiona mistari iliyonyooka kwenye anga kwa umbali sawa, kila kigae kimeamua mambo yake. Ongeza mwingiliano wa vigae, au tumia vigae vikubwa zaidi kama kumbukumbu inatosha. Programu ikizima, fanya kinyume: punguza ukubwa wa kigae. Picha nyeusi tupu mara nyingi ni ukosefu huohuo wa kumbukumbu, au kadi isiyoelewana na hesabu za nusu usahihi (namba za biti 16 badala ya 32). Ikiwa programu ina chaguo la usahihi kamili, liwashe.

Fanya na hesabu kabla. Picha ya pikseli 20,000 kwa 15,000 ina pikseli milioni 300. Kwa baiti tatu kila moja, hizo ni takriban megabaiti 900 katika kumbukumbu, na ukifanya kazi kwa biti 16 ni mara mbili yake, kabla hujaongeza tabaka hata moja. Na kama faili linakataa kuhifadhiwa, kumbuka WebP haipiti pikseli 16,383 kwa upande, wala JPEG haipiti 65,535.

## Dalili: rangi zimepauka, au anga lina mistari

Kupauka: picha ilikuwa na wasifu wa rangi mpana kama Display P3 au Adobe RGB, na programu ya kukuza imeutupa. Namba ni zilezile, tafsiri imebadilika. Badilisha picha iwe sRGB kwanza, kisha kuza.

Mistari kwenye anga la jioni: biti 8 zina ngazi 256 tu za kila rangi, na ukitandaza ngazi chache juu ya eneo pana kila moja inakuwa utepe. Geuza picha iwe ya biti 16 kabla ya kukuza, laini anga peke yake, na umalizie kwa zile chenga kidogo tulizozitaja.

## Dalili: kwenye kioo ni safi, kwenye karatasi ni mbaya

Pengine hakuna kilichoharibika. Hesabu tu ndiyo haikufanywa. Picha ya pikseli 1,200 kwa 800 ikichapwa kwa pikseli 300 kwa inchi inafikia upana wa sentimita 10 na kidogo. Kubadilisha namba ya DPI (nukta kwa inchi) ndani ya faili kutoka 72 hadi 300 hakuongezi hata pikseli moja. Ni lebo inayoiambia printa itandaze pikseli zilezile kwa upana gani. Ukiombwa picha ya DPI 300, swali la kurudisha ni moja: itachapwa kwa sentimita ngapi?

Tena, 300 si amri ya kila mahali. Jicho lenye afya hutenganisha takriban dakika moja ya nyuzi, yaani sehemu moja ya 60 ya nyuzi moja. Ukigeuza hilo kuwa pikseli, gawanya 8,700 kwa umbali wa mtazamaji kwa sentimita. Gazeti linalosomwa kwa sentimita 30 linahitaji 290 kwa inchi, karibu sawa na ile 300. Bango linalotazamwa kwa mita moja linahitaji 87. La mita tatu, 29. Picha ya kawaida ya simu, pikseli 4,000 kwa 3,000, kwenye karatasi ya A2 inatoa takriban 170 kwa inchi bila kukuzwa kabisa, karibu mara mbili ya inayohitajika kwa mtu aliyesimama mita moja. Watu huikuza picha hiyo mara nne, wanaongeza makisio yasiyoonekana na mtu, halafu faili linamshinda mchapaji.

Tatizo likiwa kinyume, picha ni nzuri kila mahali ila imelegea kwenye tovuti, basi kioo cha mtazamaji kina pikseli mbili au tatu pale ambapo ukurasa unahesabu moja. Toa picha yenye upana mara mbili ya nafasi yake.

## Dalili: nembo imechakaa

Usiikuze. Nembo nyingi huchorwa kwa vekta, yaani mistari ya kihesabu isiyo na pikseli, na huenda mahali fulani faili la SVG, EPS au PDF lipo. Lisipopatikana, programu ya bure ya Inkscape ina kazi ya kufuatisha picha na kuigeuza vekta, na hufanya vizuri kwa nembo zenye rangi chache bapa. Kwa zenye vivuli na mng'ao, kuchora upya kwa mkono ni haraka kuliko kusafisha nodi mia tano zilizozaliwa na ufuatishaji.

## Dalili: nukta zenye mpangilio, picha ikiwa imetoka gazetini

Hizo ni nukta za wino. Skani upya kwa pikseli 600 kwa inchi ukiwa umewasha kichujio cha kuondoa nukta, kisha punguza. Zingatia uwezo halisi wa lenzi ya skana. Namba kubwa zaidi iliyoandikwa kwenye kasha huenda ni ukuzaji uleule tunaoujadili, umefanywa ndani ya mashine.

## Kama kitu bado kipo mbele yako

Ipo njia moja inayoongeza taarifa za kweli: kupiga picha nyingi mfululizo na kuziunganisha. Mkono ukitetemeka kidogo, kila picha huanguka sehemu ya pikseli pembeni mwa iliyotangulia, na kila moja hushika kitu ambacho nyingine imekikosa. Google ilitumia mtetemo huo kwenye simu yake ya Pixel 3 mwaka 2018. Kabla yake, mwaka 2015, kamera ya Olympus E-M5 Mark II ilisogeza kihisi chenyewe, kile kipande kinachopokea mwanga, ikatoa megapikseli 40 kutoka kwenye kihisi cha 16.

Unaweza kuifanya mwenyewe. Piga picha nane au zaidi mfululizo, simu ikiwa mkononi, bila kuvuta na bila kusogea makusudi. Usitumie mguu wa kamera, maana utulivu unaua kinachotafutwa. Zifungue kama matabaka, zikuze zote asilimia 200, kisha zilinganishe zikae sawasawa. Photoshop hufanya hivyo yenyewe, na kwa programu za bure kuna zana ya kulinganisha inayokuja na Hugin. Tabaka la chini liache na ukolezi wa asilimia 100, la pili liwe 50, la tatu 33, la nne 25, ukigawanya 100 kwa nafasi ya tabaka hadi juu kabisa. Hiyo ndiyo wastani. Chengachenga zitapungua, kwa picha nne hubaki nusu, na tokeo litavumilia kunolewa kwa nguvu ambazo picha moja isingezivumilia. Majani, maji na watu waliosogea wataacha vivuli. Mahali hapo futa matabaka ya juu ubakize la chini peke yake.